Kichwa Kilichosema Ndiyo

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, nilikuwa nabandika kadi moja ukutani karibu na makabati ya viatu. Hapo ndipo wanafunzi wote wa shule yetu ya Togakushi, kijiji cha milimani huko Japani, wanapovua viatu vya nje na kuvaa vya ndani. Mtu akivua viatu lazima asimame kidogo, na akisimama lazima atazame mahali. Kwa hiyo kadi yangu ilisomwa na kila mtu, atake asitake.

Kwenye kadi niliandika neno moja la Kiingereza cha kila siku, na chini yake maelezo kwa lugha yetu. Kazi hiyo nilipewa na Mwalimu Yonekura, anayetufundisha Kiingereza, mara tu nilipoingia kidato cha kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sijui kama niliwahi kufurahia kazi yoyote kama ile.

Wenzangu walipenda hasa misemo. Siku niliyoandika kwamba wenye Kiingereza chao, mvua ikiwa kubwa, husema inanyesha paka na mbwa, watu walicheka mpaka tukachelewa darasani.

"Jamani, hao paka wakianguka si watawakwaruza watu?" aliuliza Genta, jirani yetu ambaye tunasoma darasa moja.

"Ndiyo maana wanatembea na miavuli," nilimjibu.

"Haya, Bi Kamusi. Na juzi ulituambia kazi rahisi wanaiita kipande cha keki. Kwani hawa watu hawana kingine kichwani ila chakula na wanyama?"

"Ukiwa na wasiwasi wanasema una vipepeo tumboni. Hiyo ni kadi ya kesho."

"Loo! Basi mimi siku ya mtihani wa hesabu tumbo zima linakuwa bustani."

Bi Kamusi! Nilijifanya nimechukia, lakini moyoni nilivimba kwa furaha. Watu walianza kuniletea maswali. Mwenye duka la vikapu aliniomba nimwandikie karatasi ya kuwakaribisha wageni, na karani wa posta aliniuliza neno la bahasha. Nilizoea kuwa mtu anayejua.

Sasa niseme ukweli ambao wakati ule hakuna aliyeujua. Kiingereza changu kilikuwa cha macho tu. Nikikiona kwenye karatasi, nakaa nacho mezani na kamusi, nakimega kidogo kidogo mpaka nakimaliza. Lakini mtu akikisema kwa mdomo, masikio yangu hayaambulii kitu. Ni kama maji yanayopita kwenye chekecheke, yanabaki maneno mawili matatu tu. Nilikuwa najua hivyo, na nilikuwa nimeamua kwamba hakuna haja ya mtu mwingine kujua.

Mwezi wa kumi alifika mwalimu mgeni kutoka Kanada, jina lake Corinne. Alikuwa mrefu, mwenye nywele nyekundu na kicheko kinachosikika mpaka uwanjani. Alikuja shuleni kwetu kila Jumanne na Alhamisi kumsaidia Mwalimu Yonekura. Kijapani chake kilikuwa salamu na majina ya vyakula, basi. Alipoziona kadi zangu aliuliza nani anayeziandika, na darasa zima likaninyooshea vidole.

Wakati huohuo ulikuwa msimu wa soba mpya. Togakushi mwezi wa kumi na moja ukikaribia, kila nyumba inanukia unga. Mbegu za soba zimevunwa na kusagwa, na tambi zake za kijivu zinakatwa kila siku. Bibi yangu anakata soba tangu akiwa msichana, na mkono wake unasifiwa mpaka bondeni. Kwake, mgeni kuondoka kijijini bila kula soba mpya ni aibu ya kijiji kizima.

"Mlete huyo mwalimu wako Jumamosi," aliniambia. "Mtoto wa watu ametoka mbali peke yake. Tukimwacha ale mikate ya dukani, tutajionaje?"

Nilimwandikia Mwalimu Corinne barua ya kumwalika. Niliiandika kwa Kiingereza siku mbili nzima, nikaisafisha mpaka hapakuwa na kosa hata moja. Alhamisi, baada ya masomo, nilimkabidhi kwenye ujia wa shule. Aliisoma, macho yakamng'aa, akaweka mkono kifuani pake kuonyesha kwamba ameguswa. Kisha akafanya kosa la kuamini barua ile. Alidhani mtu anayeandika hivyo anasikia pia, akaanza kuongea nami mbiombio kama anavyoongea na dada yake.

Aliongea muda mrefu. Neno soba lilipita mara nne, hilo nililisikia wazi. Alishika koo lake, akatoa macho, akacheka kidogo. Akafungua mkoba na kunionyesha kalamu nene yenye kifuniko cha buluu, akajigonga nayo pajani. Akanitazama usoni na kuuliza kitu.

Na mimi? Mimi nilikuwa natikisa kichwa tangu mwanzo.

Kwetu mtu akiongea nawe humwachi aongee peke yake. Unaitikia, ee, ee, ndiyo, ndiyo, na kichwa kinakwenda chini na juu. Maana yake ni kwamba nipo, nakusikia, endelea. Si kwamba umekubali, wala si kwamba umeelewa. Usipoitikia, mwenzio atadhani umekasirika au umelala. Bibi yangu anaiinamia hata simu, na anayeongea naye yuko mji mwingine. Kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kinafanya adabu yake ya kawaida, na ningesema hapo hakuna ubaya.

Ubaya ulikuja Mwalimu Corinne alipouliza swali. Wanafunzi walikuwa wamesimama pande zote, Genta akiwa mbele kabisa na mdomo wazi. Mwalimu Yonekura hakuwepo, alikuwa na timu yake ya mpira wa meza. Nilijua wazi kwamba sikuelewa. Nilijua pia neno la kusema, maana nililibandika ukutani mwezi wa tano. Lakini Bi Kamusi atasemaje mbele ya watu kwamba hajaelewa?

Nikatikisa kichwa tena. "Ndiyo," nikasema kwa Kiingereza. "Ndiyo, ndiyo."

Mwalimu Corinne akashusha pumzi, akanishika bega na kunishukuru, akaenda zake akiimba.

"Kasemaje? Kasemaje?" Genta alinidaka.

"Anasema koo linamwuma kidogo," nilijibu, nikitunga huku natembea. "Ile kalamu ni dawa ya koo. Ila anaipenda soba sana, kwa hiyo atakuja."

"We Kozue ni hatari! Mimi nimesikia soba tu."

Sikumwambia kwamba hata mimi nilisikia soba tu.

Jioni nilimwambia Bibi maneno yaleyale. Aliweka kisu chini kwa huruma. "Masikini! Koo la wageni na baridi ya huku. Basi kabla ya soba yenyewe nitampa maji yake, ya moto, na tangawizi. Hayo yanalainisha koo kuliko dawa yoyote." Maji yake ni yale yaliyochemshiwa tambi za soba. Hayamwagwi, hunywewa, na ni meupe kama uji mwepesi. Nilisema ni wazo zuri. Nililala vizuri kabisa, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo nikilikumbuka.

Jumamosi baba na mama walikuwa kwenye duka letu tangu asubuhi, maana majani ya miti yanayogeuka mekundu msimu wa vuli huleta watalii wengi. Nyumbani tulikuwa mimi na Bibi. Alikuwa amekwisha kukata soba, akachemsha fungu dogo la kwanza na kuliweka kwenye madhabahu ya wazee wetu waliotangulia, kwani soba mpya huonjwa na wao kwanza. Zilizobaki zilisubiri juu ya ubao. Soba haichemshwi kabla mgeni hajakaa, ikikaa inaharibika.

Genta alikuja na bakuli la majani ya turnipu, mboga ya jamii ya figili, yaliyotiwa chumvi, zawadi kutoka kwa mama yake.

"Mama kasema nilete halafu nirudi," alisema, akivua viatu vyote viwili.

"Anayerudi havui viatu," nilimwambia.

"Mwache, akae ale," Bibi alisema kutoka jikoni. "Ila asimalize kabla ya mgeni."

Mwalimu Corinne tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa anapanda kilima kwa baiskeli huku anaimba kwa sauti yake yote, na mbwa wa jirani wakimwitikia.

Bibi alichungulia dirishani. "Mbona sauti yake ni nzima hivyo? Koo limepona?"

Hapo ndipo niliposhtuka kwa mara ya kwanza. "Labda limepona, Bibi," nilisema.

Mgeni aliingia, akainama kama alivyofundishwa, akampa Bibi boksi la biskuti. Kisha akaona jikoni. Mlango ulikuwa wazi, na unga ulikuwa umetanda juu ya meza na juu ya aproni ya Bibi. Mwalimu Corinne alirudi nyuma hatua moja. Alifunika pua kwa skafu yake, akanigeukia na kuniuliza jambo kwa sauti ya chini. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa hata sijaamua kufanya hivyo. Akaonekana kutulia, akaenda kukaa mbali na mlango wa jikoni, upande wa dirisha, akalifungua kidogo ingawa nje kulikuwa na baridi.

Mtu mwenye koo bovu hafungui dirisha. Mtu anayependa soba hakimbii unga wake. Nilijiambia kwamba wageni wana mambo yao, lakini maneno hayo hayakunitosha hata mimi mwenyewe.

Bibi alileta kikombe. Alipiga magoti, akakiweka mbele ya mgeni kwa mikono miwili, mvuke ukipanda na harufu ya tangawizi. "Kunywa, mwanangu, upate joto," alisema. "Kozue, mwambie ni kwa ajili ya koo lake."

Mwalimu Corinne alikishika kikombe, akatabasamu. Akakinusa. Kisha akasita, akanitazama, akaniuliza swali fupi. Ndani yake lilikuwemo tena lile neno, soba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetoa ile kalamu nene mkobani na kuilaza mezani, karibu na vidole vyake. Alifanya taratibu, kama mtu anayefanya hivyo kila mlo.

Genta alikuwa ananitazama. Bibi alikuwa ananitazama. Kidevu changu kikaanza kushuka.

Na nilipokuwa nashusha kidevu, niliona kikombe kinapanda. Niliona vizuri kabisa. Mgeni hakuwa anaangalia kikombe, alikuwa anaangalia kichwa changu, na kwa sababu kichwa changu kilisema ndiyo, mkono wake ukakipeleka kikombe mdomoni. Sikujua kilichomo ndani ya swali lile, lakini nilijua kwamba mtu huyu ameniamini kwa jambo ambalo mimi silijui.

"Subiri!" nilipiga kelele, nikaruka na kufunika kikombe kwa kiganja.

Maji yaliruka juu ya mkeka na juu ya mkono wangu. Yalikuwa ya moto. Mwalimu Corinne alishtuka akarudi nyuma.

"Ala! Kozue!" Bibi alisimama. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Unampokonya mgeni kikombe? Ndani ya nyumba yangu? Adabu umeitupa wapi?"

"Bibi, sikuelewa," nilisema. "Alhamisi sikuelewa alichosema. Hata sasa sijaelewa. Habari za koo nilitunga. Nilisikia soba tu, mengine yote nilitikisa kichwa. Nilidanganya."

Genta alifungua mdomo, na nilijua anataka kusema Bi Kamusi. Nilimsubiri aseme. Lakini aliutazama uso wangu, akaufunga.

"Basi muulize," Bibi alisema polepole.

"Siwezi kumsikia, Bibi. Lakini naweza kusoma."

Nilileta daftari na kamusi. Niliandika kwa Kiingereza maneno ambayo yalinishinda kuyasema tangu Alhamisi: Sijaelewa. Samahani. Tafadhali andika. Nikaligeuza daftari na kulisukuma mbele ya mwalimu. Aliyasoma, akanitazama, na rangi ikamtoka usoni. Akakiweka kikombe mbali, akachukua kalamu ya kawaida na kuanza kuandika kwa herufi kubwa, wazi, kama anamwandikia mtoto mdogo. Nilimshukuru moyoni kwa zile herufi kubwa.

Nilisoma kwa sauti, nikifasiri kila kipande kwa kamusi, na Bibi na Genta wameniinamia mabegani.

"Nina mzio wa soba," nilisoma. "Nikila, koo langu linavimba na siwezi kupumua. Hata maji yaliyochemshiwa soba. Hata mto wa kulalia wenye maganda yake. Kalamu hii ni sindano. Nikianza kuvimba nichomwe nayo pajani, kisha niitiwe gari la wagonjwa upesi. Nilikuja kwa sababu ulisema utamweleza bibi yako na atanipikia kitu kingine." Sentensi ya mwisho ilikuwa fupi. Ni ile aliyoniuliza akiwa na kikombe mkononi. "Ndani ya hiki hakuna soba, sivyo?"

Hospitali iko chini mjini, na siku za watalii barabara ya mlima inajaa magari. Bibi alikitazama kile kikombe. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

Kisha akainuka kama msichana. Alikichukua kikombe kwa mikono miwili akakipeleka nje kabisa, mpaka bustanini. Alivua aproni yake yenye unga akaitupa nje ya mlango. Aliosha mikono mpaka kwenye viwiko, mara mbili, kwa sabuni.

"Genta! Kimbia kwa mama yako, mwambie atie mchele jikoni, mgeni anakuja kwake. Nyumba hii ina unga mpaka darini. Na asiguse sufuria yoyote niliyomwazima! Umesikia?"

"Nimesikia na nimeelewa," Genta alisema, akatoka mbio bila kufunga viatu.

Mama yake Genta ni mtu wa vicheko, lakini siku ile alikuwa makini kama daktari. Alitoa chupa zote za sosi na viungo za kabatini na kuzipanga mezani. Mimi na Mwalimu Corinne tulisoma vibandiko vyake kimoja kimoja. Yeye ananionyesha kwa kidole, mimi natafuta kwenye kamusi, na nisipojua nasema kwa Kiingereza kwamba sijaelewa. Nilisema hivyo mara nyingi sana, Genta alikuwa anahesabu kwa vidole mpaka vikamwishia. Ajabu ni kwamba kila niliposema hivyo, mwalimu alirudia polepole, kwa maneno machache zaidi, na mara nyingine nilisikia. Kwa masikio yangu! Nilisikia neno mchele. Nilisikia samaki. Nilisikia njaa.

Tulikula wali mpya, samaki wa kuchoma, supu ya uyoga, majani mengine ya chumvi, na kaki, matunda matamu ya vuli, ambayo mama yake Genta alikuwa ameyakausha barazani. Mwalimu Corinne alikula bakuli tatu za wali. Mkono wangu uliokuwa umeungua alikuwa ameufunga yeye mwenyewe kwa kitambaa cha maji baridi, na kila mara alikuwa anauangalia.

Mwalimu Yonekura alitufikia alasiri, akitokea kwenye mashindano, bado amevaa nguo za michezo. Mama yake Genta ndiye aliyempigia simu. Mwalimu alisikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni, kisha akakaa chini bila kukaribishwa.

"Kosa ni langu pia," alisema. "Alinieleza mzio wake siku ya kwanza, nikawaambia wapishi wa shule tu. Sikujua kuna mwaliko."

Mwalimu Corinne alitaka kusema jambo, akamwomba Mwalimu Yonekura awe mdomo wake. Mimi nilikaa sawasawa nikingoja kukemewa. Nilistahili.

"Anasema hivi," Mwalimu Yonekura alifasiri. "Tangu afike, watu wote wanamtikisia kichwa, naye akadhani anaeleweka. Na yeye mwenyewe amekuwa akitutikisia kichwa, na hajaelewa kitu. Wiki iliyopita dereva wa basi alimwuliza jambo akasema ndiyo, akapelekwa mpaka kituo cha mwisho juu mlimani."

Tulicheka wote, hata Bibi.

"Anasema wewe ndiye mtu wa kwanza hapa kumwambia kwamba hujaelewa. Anasema asante. Anasema ataiandikia familia yake juu ya msichana aliyeunguza mkono wake badala ya kumwacha anywe."

"Lakini nilidanganya," nilisema. "Mwambie na hilo, Mwalimu."

Alimwambia. Mwalimu Corinne alijibu kwa ufupi.

"Anasema analijua. Usirudie." Mwalimu Yonekura alikuna kichwa. "Na mimi nikuambie langu. Nilipokuwa chuoni nilikaa mwaka mzima na mwalimu mgeni, namtikisia kichwa kama wewe. Mwaka mzima, Kozue! Siku niliposema sijaelewa, ndipo nilipoanza kujifunza. Ningekuambia hili mapema badala ya kukusifu kila asubuhi kwa kadi zako."

Tulimsindikiza mgeni mpaka kwenye kona ya chini, kisha mimi na Bibi tukarudi nyumbani wawili tu. Alitembea mbele yangu. Nilidhani sasa ndiyo zamu yangu. Tulipoingia alivua viatu, akapanda kwenye sakafu ya mbao iliyoinuka, akageuka na kupiga magoti mbele yangu. Aliweka viganja vyake chini na kuinama mpaka paji la uso likakaribia mbao. Bibi yangu, mwenye miaka sabini na minane! Aliniinamia mimi, ambaye bado nimesimama chini na kiatu kimoja mguuni.

"Asante," alisema.

Kichwa changu kilitaka kuitikia, nikakizuia.

"Bibi, sijaelewa," nilisema. "Mimi ndiye niliyekosa. Nilidanganya, nikakutia aibu mbele ya mgeni. Unanishukuru nini?"

Aliinuka, akanivuta nikae karibu naye, akaushika ule mkono uliofungwa.

"Vizuri umeuliza. Nitakueleza tena polepole," alisema. "Soba ya mkono huu nimewapa watu miaka sitini. Leo mkono huu ulimshikisha mtoto wa watu kitu cha kumwua, na nilikuwa natabasamu. Angekunywa, wewe ungelia, ungekua, labda ungesahau. Mimi nisingeshika unga tena maisha yangu yote. Ulimwokoa yeye, na uliniokoa mimi. Hilo ndilo ninalolishukuru." Alikohoa kidogo, akaendelea kwa sauti ya ukali. "Ila usijidanganye. Ulikuwa na siku mbili nzima za kusema ukweli, ukangoja mpaka kikombe kikafika mdomoni. Mtu kutojua si aibu. Mimi mwenyewe sijui mangapi. Aibu ni kumwacha mwenzio akuegemee mahali ambapo wewe unajua hakuna kitu. Usipoelewa, sema palepale, hata kama dunia nzima inakutazama. Umenielewa?"

Nilifikiri kwanza. Nilipitia maneno yake yote, moja baada ya jingine, nikaona hakuna lililonipita.

"Nimeelewa, Bibi," nilisema, na safari hii ilikuwa kweli.